Makabrasha ya bodi

Makabrasha ya bodi ni nyaraka zinazoandaliwa na menejimenti ya kampuni, benki, shirika la umma au chama cha ushirika na kupelekwa kwa wajumbe wa bodi kabla ya kikao. Ndani yake huwa na ajenda, muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa ya yatokanayo, taarifa ya fedha, taarifa ya utendaji na mapendekezo yanayosubiri uamuzi. Kwa wajumbe wengi wa bodi makabrasha hayo ndiyo dirisha kuu la kuiona taasisi wanayoisimamia. Kwa sababu hiyo ubora wa maamuzi ya bodi hauwezi kuzidi sana ubora wa makabrasha yake.

Jina

Katika ofisi za Tanzania neno "kabrasha" hutumika kwa fungu la karatasi za kikao, na kwa kawaida husemwa kwa wingi: "makabrasha yametumwa", "sijapata makabrasha". Nyaraka moja moja ndani ya fungu huitwa waraka wa bodi au andiko. Siku hizi fungu lenyewe mara nyingi ni faili la kompyuta, lakini jina limebaki lilelile.

Tatizo la msingi

Bodi huajiri au huthibitisha mtendaji mkuu na kumsimamia kwa niaba ya wanahisa au wanachama. Hata hivyo, karibu kila kitu inachokijua kuhusu kazi ya mtendaji huyo inaambiwa na mtendaji mwenyewe. Wajumbe wasio watendaji hukutana mara nne au sita kwa mwaka, wana kazi zao nyingine, na wengi hawakai mahali biashara inapofanyika. Msimamiwa ndiye anayeandika ripoti ya msimamizi wake. Ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani: wengi watasahihisha kwa haki, lakini shule yenye busara haitegemei hilo peke yake.

Si lazima pawe na udanganyifu ili bodi ipotoke. Meneja anayejivunia kazi yake huanza na mafanikio na kuyaweka matatizo ukurasa wa arobaini. Mhasibu hutumia kipimo alichozoea bila kukieleza. Mkuu wa idara hungoja tatizo litatuliwe ndipo alitaje. Kila hatua ya habari kupanda kutoka dirisha la mteja hadi meza ya bodi huondoa makali kidogo, na kinachofika juu ni laini kuliko kilivyokuwa chini.

Sheria na miongozo

Nchini Tanzania, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawataka wakurugenzi watende kwa nia njema na kwa uangalifu, na inaitaka kila kampuni iwe na katibu. Katibu wa kampuni ndiye kwa desturi anayekusanya makabrasha, kuyatuma na kuandika muhtasari. Mabenki yana masharti ya ziada kupitia Kanuni za Utawala Bora za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya sheria ya benki na taasisi za fedha. Mashirika ya umma husimamiwa na Ofisi ya Msajili wa Hazina, na hesabu zao hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye ripoti zake za kila mwaka hufikishwa bungeni na kusomwa na umma.

Vyama vya ushirika vina njia yao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikaziweka SACCOS katika daraja la tatu la watoa huduma hizo. Ndani ya SACCOS kuna bodi na pia kamati ya usimamizi, ambayo huchaguliwa na wanachama ili kuangalia kazi ya bodi na menejimenti. Ukaguzi wa vyama hufanywa kwa sehemu kubwa na shirika la COASCO.

Nchini Kenya mashirika ya serikali yana kanuni za utawala zinazojulikana kwa jina la Kiswahili, Mwongozo, zilizotolewa mwaka 2015. Kimataifa, hati iliyoathiri wengi ni ripoti ya kamati ya Cadbury ya Uingereza ya Desemba 1992, iliyoandikwa baada ya kuporomoka kwa kampuni kubwa ambazo hesabu zao zilionekana safi. Ripoti hiyo ilimpa mwenyekiti wa bodi jukumu la kuhakikisha wajumbe wasio watendaji wanapata taarifa zinazofaa kwa wakati. Afrika Kusini ilifuata na ripoti za King, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1994 na ya nne ya mwaka 2016.

Imperial Bank ya Kenya

Mfano wa Afrika Mashariki unaotajwa mara nyingi ni wa Imperial Bank, benki ya Nairobi. Mtendaji wake mkuu, aliyekuwa ameiongoza kwa miaka mingi, alifariki Septemba 2015. Wiki chache baadaye viongozi waliokaimu waliieleza bodi kuwa kuna mikopo na malipo ambayo hayakuonekana katika hesabu zilizokuwa zikiletwa kwenye vikao. Bodi iliijulisha Benki Kuu ya Kenya, na tarehe 13 Oktoba 2015 benki hiyo ikawekwa chini ya uangalizi wa Shirika la Bima ya Amana. Siku hiyohiyo hati fungani yake ya shilingi bilioni 2 za Kenya ilitarajiwa kuanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Walioinunua walikuwa wametumia taarifa zilezile ambazo bodi ilikuwa ikizipokea.

Kiasi kilichotajwa kupotea kilifikia makumi ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Wenye amana walingoja miaka mingi wakilipwa kwa mafungu, na Desemba 2021 benki ikaingizwa katika ufilisi. Kampuni tanzu yake ya Uganda ilinusurika: hisa zake nyingi zilinunuliwa mwaka 2016 na Exim Bank ya Tanzania.

Mashauri yaliyofuata mahakamani yaligusa kiini cha suala hili. Wakurugenzi walisema walidanganywa. Upande wa pili ulisema walipaswa kujua. Hoja zote mbili zina uzito. Ni kweli kwamba mjumbe hawezi kuona akaunti ambayo haipo kwenye makabrasha. Ni kweli pia kwamba benki ambayo taarifa zake zote muhimu hupita mikononi mwa mtu mmoja kwa muda mrefu tayari ina tatizo ambalo bodi inaweza kuliona bila kufungua daftari hata moja.

Mifano kutoka mbali

Mwaka 1980 bodi ya kampuni ya Trans Union ya Marekani ilikubali kampuni iuzwe kwa dola 55 kwa kila hisa baada ya kikao cha saa mbili hivi. Wajumbe walisikiliza maelezo ya mdomo ya mwenyekiti. Hawakupewa andiko lolote la kuonyesha thamani ya kampuni ilivyokokotolewa. Bei hiyo ilikuwa juu ya bei ya soko, hivyo wauzaji hawakuonekana kupata hasara. Hata hivyo, mwaka 1985 Mahakama Kuu ya jimbo la Delaware iliwaona wakurugenzi wana makosa kwa kuamua bila kujipatia taarifa za kutosha. Kesi hiyo ilichangia kuzifanya bodi nyingi zidai karatasi kabla ya kuamua.

Dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine. Kampuni ya Centro ya Australia ilipitisha hesabu za mwaka 2007 ambamo madeni ya zaidi ya dola bilioni 1.5 za nchi hiyo, yaliyotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja, yaliorodheshwa kama madeni ya muda mrefu. Wakaguzi wa nje hawakuliona kosa hilo, na wakurugenzi walijitetea kwamba makabrasha yalikuwa mengi mno. Hukumu ya Mahakama ya Shirikisho ya mwaka 2011 ilikataa utetezi huo: bodi ndiyo yenye mamlaka ya kuamua inaletewa nini na kwa wingi gani, kwa hiyo haiwezi kulalamika kuwa imezamishwa na karatasi ilizoruhusu yenyewe.

Mfano wa tatu unahusu jumla iliyokosekana. Katika benki ya Wells Fargo ya Marekani wafanyakazi walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Ripoti ya wakurugenzi huru wa benki hiyo ya Aprili 2017 ilieleza kuwa Mei 2015 taarifa iliyofika kwenye bodi ilitaja wafanyakazi 230 walioachishwa kazi. Wajumbe walikuja kujua Septemba 2016, pamoja na umma, kwamba jumla kwa miaka kadhaa ilikuwa takriban 5,300. Mtu anayesikia namba ndogo isiyofuatwa na jumla hufikiri hiyo ndiyo jumla.

Vyama vidogo: mfano wa Kinampanda

Mjadala wa makabrasha mara nyingi huachiwa kampuni za Dar es Salaam na Nairobi, ilhali wajumbe wa bodi walio wengi zaidi nchini Tanzania wako vijijini, katika SACCOS na vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS). Kinampanda ni kata ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida, inayojulikana kwa chuo chake cha ualimu. Walimu na wakulima wa alizeti, wenyeji wa kawaida wa wilaya hiyo, wanatosha kuonyesha jinsi tatizo lilivyo. Namba zinazofuata ni za kubuni kwa ajili ya kufundishia.

Tuchukue SACCOS ya walimu yenye mikopo ya shilingi milioni 600 mikononi mwa wanachama. Katika kikao meneja anaandika sentensi moja: "Marejesho ya mwezi ni asilimia 92, hali ni nzuri." Maana yake ni kwamba marejesho ya mwezi huo yaliyotakiwa yalikuwa milioni 30 na zimekusanywa milioni 27.6. Asilimia 92 ni alama ya juu darasani, na wajumbe ambao wengi wao ni walimu hupiga makofi.

Swali ambalo halikujibiwa ni hili: zile milioni 2.4 ni za nani, na mwezi uliopita zilikuwa za nani? Ikiwa ni za watu walewale kila mwezi, mikopo yao yote iko mashakani, si rejesho la mwezi mmoja tu. Kipimo kinachotumika na wasimamizi wa fedha ni salio lote la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, likigawanywa kwa jumla ya mikopo yote. Katika mfano huu salio hilo likiwa milioni 78, mikopo iliyo hatarini ni asilimia 13. Chama ni kilekile, mwezi ni uleule, na taarifa zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inaiambia bodi ilale; ya pili inaiambia iamke.

Sababu za kuchelewa nazo zinapaswa kuandikwa, kwa kuwa kila moja ina tiba yake. Mkopo wa mwalimu hulipwa kwa makato ya mshahara. Makato hukatika mwalimu anapohama, anapostaafu, au anapokuwa na mikopo mingine ya benki kiasi kwamba makato mapya yangemwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara. Aliyehama anahitaji barua kwa mwajiri mpya. Aliyejaza makato hakupaswa kukopeshwa mwanzoni, na hilo ni kosa la kamati ya mikopo, si la mkopaji peke yake. Bodi inayopewa asilimia bila sababu haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili, na akiba zinazoliwa ni za wale waliokuwa wakiweka kila mwezi bila kukopa.

Upande wa AMCOS ugonjwa wa kawaida ni kipimo. Taarifa inayosema "tumekusanya magunia 900 ya alizeti" haisemi kitu hadi ijulikane kila gunia lina kilo ngapi, na kila aliyewahi kuona lumbesa anajua kwa nini. Taarifa inayofaa bodi huonyesha kilo zilizopokelewa ghalani, kilo zilizouzwa, zilizobaki na zilizopotea, pamoja na bei kwa kilo. Inafaa pia iseme bei inategemea nini: bei ya alizeti hupanda na kushuka pia kwa kufuata ushuru wa mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje, jambo ambalo haliamuliwi Singida. Kwa kuwa eneo hilo lina msimu mmoja wa mvua, uamuzi wa pembejeo ukichelewa kikao kimoja hungoja mwaka mzima. Makabrasha yanayofika siku ya kikao hapo hayawi usumbufu mdogo.

Namna ya kuboresha

Hatua ya kwanza ni bodi kutamka inachotaka. Katika taasisi nyingi menejimenti huandika kile ilichoandika mwaka jana kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo. Mwenyekiti na katibu wanaweza kukaa na mtendaji mkuu mara moja kwa mwaka na kukubaliana juu ya viashiria vichache, labda kumi, vitakavyoletwa kila kikao kwa fasili ileile na kwa umbo lilelile. Kiashiria kinachobadilishwa jina au namna ya kukokotolewa katikati ya mwaka kifafanuliwe kwa maandishi, maana hapo ndipo habari mbaya hujificha kwa urahisi.

Kila namba iwe na wenzake: bajeti, kipindi kama hicho mwaka uliopita, na mwelekeo wa vipindi kadhaa. Namba pekee haina maana. Vilevile taarifa ya fedha inayoeleza yaliyopita tu haitoshi. Bodi inahitaji makadirio ya fedha taslimu ya miezi ijayo, kwa sababu taasisi nyingi huanguka zikiwa na faida kwenye karatasi na sanduku tupu.

Waraka unaoomba uamuzi unapaswa kuanza na ukurasa mmoja unaosema bodi inaombwa nini: kuamua, kujadili, au kupokea tu. Baada ya hapo uje mchanganuo wa gharama, vihatarishi, njia mbadala zilizofikiriwa na sababu ya kuziacha. Waraka wenye njia moja tu huomba muhuri, hauombi uamuzi. Ikiwa ndani ya menejimenti kuna aliyepinga, bodi ina haki ya kujua hoja yake.

Muda wa kusoma ni sehemu ya ubora. Siku saba kabla ya kikao ni desturi nzuri, na mwenyekiti mwenye msimamo huondoa kwenye ajenda waraka uliochelewa hata kama mwandishi wake ni mtendaji mkuu. Akifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu haihitajiki. Jambo zito lisiletwe chini ya "mengineyo", wakati wajumbe wameshaanza kufunga mikoba.

Hakuna fungu la karatasi, hata liwe zuri namna gani, linalotosha likitoka mkono mmoja. Ndiyo maana mkaguzi wa ndani hutakiwa kuripoti moja kwa moja kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na mkaguzi wa nje hupewa nafasi ya kuzungumza na wajumbe bila menejimenti kuwepo. Katika SACCOS kazi kama hiyo iko kwa kamati ya usimamizi, ingawa mara nyingi kamati hiyo hunyimwa nyaraka au hupewa posho ya kikao na kukaa kimya. Wajumbe kutembelea tawi au ghala, kusoma daftari la malalamiko ya wateja na kulinganisha na makabrasha ni njia ya bei nafuu kuliko zote.

Lugha nayo ina nafasi yake. Tangu mwaka 2004 hesabu nchini Tanzania huandaliwa kwa kufuata viwango vya kimataifa, na kampuni nyingi huandika makabrasha kwa Kiingereza. Katika bodi zenye wajumbe wa namna mbalimbali hilo huwanyamazisha baadhi yao. Mjumbe asiyeelewa waraka mara chache husema haelewi. Maneno kama mikopo chechefu, vihatarishi na ukwasi yameshazoeleka, na waraka wa uamuzi unaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kupoteza usahihi.

Mifumo ya kielektroniki

Mamlaka ya Serikali Mtandao imetengeneza mfumo wa e-Mikutano unaowezesha taasisi za umma kutuma makabrasha na kuendesha vikao bila karatasi, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa MUVU wa kupokea na kutunza taarifa za vyama. Mifumo hii hupunguza gharama za kurudufu, huonyesha waraka ulitumwa lini, na hufanya iwe vigumu kubadilisha ukurasa baada ya kikao. Haipunguzi urefu. Karatasi zilipokuwa zikibebwa kwa mkono, uzito wenyewe ulimzuia mwandishi. Faili la kurasa 400 halina uzito wowote.

Kupima maendeleo

Baadhi ya bodi huwapa wajumbe dakika tano mwishoni mwa kikao wajaze karatasi yenye maswali machache: waraka upi ulisaidia, upi ungeweza kufupishwa, ni swali gani lilikosa jibu. Njia nyingine ni kurudi kwenye muhtasari wa miaka miwili iliyopita, kuchagua maamuzi matatu makubwa na kuangalia kama yale yaliyoahidiwa katika waraka yalitokea. Jedwali la yatokanayo likitunzwa vizuri, lenye jina la mhusika na tarehe kwa kila agizo, kazi hiyo huchukua asubuhi moja.

Muhtasari wenyewe ni ushahidi. Ukiandika tu kwamba "wajumbe walipokea taarifa", hauonyeshi kama kuna aliyeuliza kitu. Ukiandika maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, humlinda mjumbe aliyefanya kazi yake na humkumbusha meneja kwamba swali litarudi kikao kijacho.

Vizuizi

Maboresho haya hukwama kwa sababu zinazojulikana. Nafasi za bodi za mashirika ya umma huweza kukaa wazi kwa muda baada ya bodi kumaliza muda wake, na kwa kipindi hicho menejimenti hukosa wa kumpelekea makabrasha. Vyama vidogo havina fedha za kuajiri mhasibu mwenye sifa, hivyo meneja huwa karani, mtunza fedha na mwandishi wa taarifa kwa pamoja. Heshima nayo hugeuka kizuizi pale mjumbe kijana anapoona kumuuliza mzee juu ya namba ni utovu wa adabu. Baadhi ya vyama vimepunguza uzito huo kwa kumtaka kila mjumbe atume angalau swali moja la maandishi kwa katibu kabla ya kikao. Katibu huyasoma yote bila kutaja majina, na meneja huyajibu kwa zamu.